Shajara ya huduma ya gerezani, Kisumu: masomo, kitabu cha maombi na kidimbwi cha ubatizo

Shajara hii ni ya kikundi cha washirika wa makanisa matatu ya Kisumu wanaohudumu gerezani kwa kujitolea. Imewekwa ili wenzetu wa Kakamega, Siaya, Bungoma au Nakuru wanaotaka kuanza waone ni wapi kazi ilikwama na ni nini kiliikwamua. Gereza halitajwi jina wala mtu yeyote aliye ndani. Bei zote ni za Kisumu, mwaka wa 2024.

Januari 2024: barua na vyeti

Njia ya kuingia ni kwa chapleni wa gereza, yaani kiongozi wa dini anayehudumu humo. Anayekwenda moja kwa moja langoni na gunia la sabuni atapokelewa kwa heshima, sabuni itapokelewa, na huduma itaishia hapo. Barua huandikwa kwa afisa msimamizi wa gereza kupitia kwa chapleni, ikiwa na nakala za vitambulisho, barua ya kanisa, na cheti cha tabia njema cha kila mhudumu. Cheti huombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa Sh 1,050, kisha mtu anakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Wahudumu 8 walitumia Sh 8,400.

Barua ya kwanza ilirudishwa. Ilisema tu "kuhubiri na kuwatia moyo wafungwa," na hakuna afisa anayeweza kupanga ulinzi kwa maneno hayo. Iliyokubaliwa ilitaja siku, saa ya kuingia na ya kutoka, idadi ya wahudumu, upande unaohudumiwa, vitu vitakavyobebwa na idadi yake, na jina la kiongozi mmoja anayewajibika. Ukurasa mmoja ulitosha.

Usiombe nafasi ya Jumapili asubuhi, makanisa yamejaa foleni. Jumamosi ni ya Waadventista, nao huku Nyanza si wachache, na Ijumaa adhuhuri ni ya Waislamu. Tuliomba Jumatano, saa nane hadi saa tisa na nusu alasiri, ili kila mtu awe amerudi wadini, yaani kwenye vyumba vya kulala wafungwa, kabla ya kuhesabiwa na kufungiwa. Saa hiyo haina mchezo. Mhubiri anayependa kusema "nikimalizia" mara tatu aachwe nyumbani.

Februari: mtaala mmoja haukutosha

Mtaala wa kwanza ulikuwa masomo 12 ya Injili ya Luka, kila somo likijengwa juu ya lililotangulia, na cheti mwishoni. Kwa waliohukumiwa ulikwenda vizuri. Upande wa mahabusu, yaani wanaosubiri kesi zao ziamuliwe, ulivunjika kabla ya somo la nne. Kila wiki nusu ya waliokuwapo walikuwa wageni, na waliohitaji kukumbushwa somo la juma lililopita hawakuwapo tena.

Uvivu haukuhusika. Mahabusu haishi kwa kalenda yake. Leo kesi inatajwa Winam, kesho karandinga inampeleka Maseno au Nyando, wiki ijayo ndugu wamepata mdhamini na ametoka, au amehukumiwa na kuhamishiwa gereza jingine. Hata hiyo Jumatano yetu ni siku ya mahakama, na wengine hurudi wamechoka, hawajala, saa ambayo tunafunga kwa sala.

Sasa kuna mitaala miwili. Waliohukumiwa wana masomo 12 ya mfululizo, madaftari na cheti kinachopitia kwa chapleni. Mahabusu wana masomo ya siku moja: wimbo mmoja, aya zisizozidi 15 zinazosomwa mara mbili kwa sauti, maswali matatu, maombi, basi. Jumla ni dakika 35 hadi 40. Anayekuja mara moja tu hajakosa mwanzo wala mwisho.

Cheti hakitolewi kwa mahabusu, na hili lilizua manung'uniko. Cheti cha dini hubebwa hadi kizimbani wakati wa kuomba kupunguziwa adhabu, na baada ya muda mfupi darasa linajaa watu wanaotafuta karatasi. Akihitaji, mtu hupewa barua ya mistari miwili inayosema alihudhuria tarehe gani. Haisemi ameokoka, haisemi tabia yake imebadilika. Mhudumu anayemwona mtu saa moja kwa wiki hana uwezo wa kuthibitisha hilo.

Angalizo kuhusu uchaguzi wa maandiko: Matendo 12 na 16, Petro na Paulo wakifunguliwa milango, ndizo sura ambazo kila mgeni anataka kuhubiri gerezani. Kwa mahabusu husikika kama ahadi kwamba kesi itaanguka. Kesi isipoanguka, anayelaumiwa ni imani yake. Tunaposoma Matendo 12 sasa tunaanza aya ya 1 na ya 2, ambapo Yakobo anauawa kwa upanga kabla ya Petro kutolewa, na swali la kwanza ni hilo: kanisa liliwaombea wote wawili? Darasa huchangamka kuliko kwa somo lolote jingine. Yusufu katika Mwanzo 39 na 40 naye anafaa, hasa mnyweshaji wa Farao anapotoka na kumsahau. Wengi ndani wanamjua mtu wa aina hiyo.

Machi: Biblia, miwani, madaftari

Biblia 40 za jalada laini zilinunuliwa kwa Sh 750 kila moja, yaani Sh 30,000. Jalada gumu halipiti langoni kwa urahisi kwa sababu uti wake unaweza kufichwa kitu. Daftari la waya wa kuzunguka haliingii. Tunatumia madaftari ya kawaida ya kurasa 96, na kalamu za plastiki zinazoonyesha wino ndani, zinazohesabiwa kuingia na kutoka.

Kugawa Biblia siku ya kwanza ni kutupa pesa. Karatasi yake ni nyembamba na tumbaku ya magendo inahitaji kusokotwa kwa kitu; mkiona Biblia imeanza kukonda kutoka Ufunuo kurudi nyuma mjue inavutwa. Kugomba hakusaidii. Kilichosaidia ni kuzigawa mbili: Biblia 25 zimebaki wadini, kila wadi ikiwa na msomaji mmoja aliyechaguliwa na wadi yenyewe wa kuzitunza, zikiwa na nambari, na 15 hupewa mtu binafsi baada ya masomo matatu. Jina la mwenye Biblia huandikwa ndani kwa wino, na chapleni anabaki na orodha.

Mahudhurio ya wazee yalipungua, na kwa wiki kadhaa ikadhaniwa wamechoka na dini. Tatizo lilikuwa macho. Mtu aliyepita miaka 40 mara nyingi haoni vizuri herufi ndogo za karibu, na wengi walikamatwa bila miwani au ilivunjika. Miwani 25 ya kusomea, fremu na lenzi zote za plastiki, nguvu kati ya +1.50 na +3.00, ilinunuliwa kwa Sh 250 kila moja, jumla Sh 6,250. Kioo halisi hakiruhusiwi. Kupima ni rahisi: mpe aya ya kusoma akiwa ameshika kitabu umbali wa kiganja hadi kiwiko, anza na nguvu ndogo, panda hadi asome bila kukunja uso. Nyingi zilizochukuliwa ni za +2.00 na +2.50, kwa hiyo nunua zaidi za hizo. Anayelalamikia maumivu au ukungu wa jicho apelekwe zahanati ya gereza; miwani ya sokoni haitibu. Katika bajeti nzima hakuna shilingi zilizofanya kazi kuliko hizi.

Wasiojua kusoma hawakutatuliwa kwa kifaa. Kinasa sauti cha sola kilikataliwa kwa sababu ya kadi ya kumbukumbu. Njia iliyobaki ni ya kale: mmoja anasoma, wenzake wanarudia, wanakariri.

Aprili na Mei: kitabu cha maombi

Hii ndiyo sehemu iliyotupa kazi nyingi zaidi, na inayostahili kunakiliwa kwa uangalifu. (Mafuriko ya masika yalikuwa yamekumba Nyando na mitaa ya ziwani, na michango ya makanisa ikaelekezwa huko, kwa hiyo miezi hii ilikuwa ya kazi isiyohitaji pesa.)

Mpango wa awali: karatasi za maombi zinakusanywa gerezani, zinapigwa picha, zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp la waombaji. Uliharibika kwa njia tatu kwa mpigo.

Kwanza, watu waliandika kesi zao. "Niombee, kweli nilikuwepo lakini si mimi niliyempiga." Karatasi hiyo imepita mikononi mwa mwenzake wa wadi, mhudumu, pengine askari anayekagua mifuko. Kwa mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa, huo ni ushahidi unaotembea. Mhudumu wa kujitolea si wakili, na anachosikia anaweza kuitwa mahakamani kukieleza.

Pili, majina. Kisumu ni jiji lakini watu wanajuana kama kijiji. Katika kundi la waombaji kulikuwa na mtu anayetoka boma moja na mlalamishi. Habari zilifika nyumbani kabla ya maombi kufika juu.

Tatu, maombi mengi hayakuwa ya kuombewa tu. "Mpigie mama simu." "Mwambie bro wangu alete cheti cha shamba." Mhudumu mwenye huruma anaandika nambari mkononi na kupiga akifika mjini, na hapo amebeba ujumbe nje ya gereza bila idhini. Kikundi kizima kinaweza kufungiwa lango kwa jambo hilo. Isitoshe, hujui simu hiyo inampigia nani. Inaweza kuwa shahidi.

Karatasi mpya ni robo ya A4, ina sehemu hizi tu:

Nambari (si jina). Niombee kuhusu: afya, familia, moyo wangu, msamaha, kazi, imani. Neno moja la kuongeza. Ningependa kuzungumza na chapleni: ndiyo au hapana. Tarehe.

Juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: USIANDIKE KUHUSU KESI. Kabla ya kugawa, hutangazwa pia kwa mdomo, na sababu huelezwa. Nambari zinaanza na M kwa mahabusu na H kwa waliohukumiwa. Daftari linalounganisha nambari na jina ni moja, linakaa kwa chapleni, halitoki. Waombaji wa nje wanajua kwamba M-14 ana mama mgonjwa, na inatosha. Wapo waliouliza, "Huyu alifanya nini?" Jibu lililokubaliwa ni kwamba swali hilo lina hakimu wake.

Kila mwombaji hupewa nambari tatu kwa mwezi. Nambari kumi zilijaribiwa, na kufikia wiki ya pili watu wakawa wanasema "Bwana, wakumbuke wote walio kwenye orodha." Tatu zinaombewa kweli.

Kasoro iliyochelewa kuonekana: hakuna aliyekuwa akirudi kuuliza. Maombi yalirundikana, mama wa M-14 akawa anaombewa apone ilhali alikwisha zikwa. Sasa daftari la waombaji lina safu ya "hali", na Jumatano ya kwanza ya kila mwezi dakika kumi hutumika kuisasisha. Mtu aliyehamishwa hatangazwi kwetu. Chapleni huulizwa, na nambari yake huombewa hadi mwisho wa mwezi huo kisha hufungwa.

Ombi la kupiga simu au kutuma ujumbe hupelekwa kwa ofisi ya maslahi ya gereza. Ombi la dhamana huhitaji kutenganishwa: kuna aliyenyimwa dhamana na kuna aliyepewa akashindwa kulipa. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inadai masharti ya dhamana yawe ya kiasi, na mahakama inaweza kuombwa iyapunguze. Huyo wa pili anahitaji msaidizi wa kisheria wiki hii, pamoja na maombi. Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, kikao cha mahakama na wadau wake, ni mahali pazuri pa kujulikana. Mhudumu wetu mmoja huhudhuria vikao vyake.

Maombi ya usiku: waliohukumiwa walianza kuomba kwa sauti wadini, na wenzao, wakiwemo Waislamu na wasiotaka dini yoyote, wakalalamika kwa haki. Mtu aliyefungiwa hana mlango wa kutokea. Ikakubaliwa dakika kumi za maombi ya kimya saa tatu usiku, ndani na nje kwa wakati mmoja. Haigharimu chochote, na ndicho kipengele kinachotajwa zaidi na walio ndani.

Juni: ngoma na lugha

Ngoma iliyowambwa ngozi pande zote mbili haipiti langoni, kwa kuwa haikaguliki bila kuipasua. Kayamba nayo imejaa mbegu zilizofungiwa, vivyo hivyo. Baada ya mashauri marefu kuliko yalivyostahili, mtungi mtupu wa lita 20 ulionekana unatosha kabisa.

Mahubiri ni kwa Kiswahili. Kijaluo kilitumika kwa muda na waliozungumza Kiluhya, Kigusii na Kikalenjin wakajiona wageni; askari wasioelewa nao wakaanza kukaa karibu zaidi. Nyimbo ni za lugha yoyote.

Julai na Agosti: kidimbwi cha ubatizo

Waliomaliza masomo waliomba ubatizo wa kuzamishwa. Orodha hupitia kwa chapleni, ambaye huuliza kila mtu peke yake kama ameshurutishwa na kama tayari ana kanisa lake. Wawili walikuwa wamebatizwa tayari na walitaka tu kutoka wadini siku hiyo. Walikaribishwa kuteka maji.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuchimba shimo na kulitandika turubai. Wasomaji wameshaona tatizo. Kuchimba shimo ndani ya gereza si ombi linaloandikwa mara mbili.

La pili lilikuwa fremu ya mbao juu ya ardhi, iliyotengenezwa katika karakana ya useremala ya gereza: urefu mita 2, upana mita 1, kina sentimita 80, mbao za inchi moja zilizopigiliwa misumari kwenye pembe, turubai ndani. Ilijaa kama robo tatu ikafunguka pembe moja, na maji yakaondoka yote kwa mara moja. Watu hudhani turubai ndiyo inayobeba maji, kumbe kazi ni ya fremu. Maji yenye kina cha sentimita 80 yanausukuma ubavu wa mita 2 kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 640 hivi, na nyingi ya nguvu hiyo iko chini. Msumari uliopigwa kwenye kichwa cha ubao hauna mshiko wa kuzuia hilo.

Marekebisho: kina kilipunguzwa hadi sentimita 60. Msukumo kwenye ubavu mrefu ukashuka hadi kilo 360 hivi, kwa kuwa unapungua kwa mraba wa kina. Kutoa robo ya kina kunaondoa karibu nusu ya nguvu. Nguzo fupi za inchi 3 kwa 2 ziliwekwa nje kila sentimita 50, zikashikwa kwa boliti badala ya misumari, na mkanda wa mbao ukazungushwa sehemu ya chini. Kwa kina hicho anayebatizwa huketi, miguu imenyooka, na kulazwa nyuma. Inatosha mtu mzima kuzama kabisa.

Maji ni lita 1,200, yaani madramu sita ya lita 200. Usijaze siku ambayo maji ya gereza yamekatika, jikoni kwanza. Turubai la mita 4 kwa 3 liligharimu Sh 2,800, boliti na nati Sh 1,900. Mbao zililipwa karakana kwa risiti, Sh 6,400. Baadaye maji yalikwenda kwenye sukuma wiki. Vazi la kubadilisha ndilo lililosahaulika: mfungwa hana sare ya pili kavu kila wakati, na Agosti jioni si ya kukaa na nguo mbichi. Panga na stoo ya gereza mapema, au batiza asubuhi.

Meza ya Bwana, kwa kifupi: juisi ya zabibu, hakuna divai, vikombe vya plastiki vinavyohesabiwa.

Septemba: faini

Mfadhili mmoja alitoa Sh 30,000 za kuwalipia faini wenye makosa madogo. Mtu wa kwanza alilipiwa faini nzima ya Sh 10,000 ilhali alikuwa ameshatumikia sehemu kubwa ya kifungo mbadala. Kwa faini ya zaidi ya Sh 2,500 hadi Sh 15,000, Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo kisichozidi miezi 3, na siku zilizotumikiwa hupunguza deni. Aliyemaliza theluthi mbili za muda wake anadaiwa kama theluthi moja. Uliza ofisi ya kumbukumbu za wafungwa baki la siku hiyo, kwa maandishi, ndipo ulipe kupitia njia rasmi ya Mahakama na uchukue risiti. Pesa isitumwe kwa simu ya mtu binafsi, hata awe karani mwema kiasi gani.

Kulipia mmoja hadharani kulileta wengine wengi, na darasa la Jumatano likageuka foleni. Sasa wahudumu hawachagui. Ofisi ya maslahi hupendekeza majina, mweka hazina wa nje hulipa, na darasani hakuna anayejua imetoka wapi.

Oktoba: upande wa wanawake

Huongozwa na wanawake pekee. Mtoto aliye chini ya miaka 4 anaweza kukaa na mamake gerezani, kwa hiyo darasa lina watoto, na somo la dakika 40 ni ndoto. Dakika 20 zinatosha. Sodo, sabuni ya kipande na nepi za kitambaa zinahitajika kila mwezi. Wanawake hutembelewa na jamaa mara chache kuliko wanaume, hivyo sehemu kubwa ya muda ni kuketi na kusikiliza.

Novemba: wanaotoka

Aliyetoka alikaribishwa ibadani na kusimamishwa mbele: "Ndugu huyu alikuwa gerezani, tumpigie Bwana makofi." Hakurudi tena. Sasa hakuna tangazo. Watu wawili humpokea langoni wakiwa na nauli na nguo, humsindikiza hadi kwa chifu na mzee wa nyumba kumi kabla hajalala nyumbani usiku wa kwanza, na husaidia kufuatilia kitambulisho kilichopotea, kuanzia abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuthibitisha kwamba upotevu umeripotiwa. Familia huulizwa kwanza kama inamtaka. Mara mbili jibu lilikuwa la, na chumba cha kupanga kikatafutwa mtaani Nyalenda. Kukutana na aliyekosewa hakuanzishwi na sisi.

Waraka kwa Filemoni umewekwa kuwa somo la 12 kwa waliohukumiwa. Kinachojadiliwa ni aya ya 18 na 19, kuhusu deni na nani atalilipa.

Desemba: mahali pesa zitakapokwenda

Desemba gereza hujaa wageni, mchele, picha na kwaya. Februari hakuna mtu. Fungu letu la Krismasi limesogezwa: sabuni na sodo zitaingia Februari na Machi, na Jumatano za Desemba ni darasa la kawaida bila zawadi. Wahudumu wawili wameachia njiani, nafasi zao zitajazwa na watu watakaohudhuria kwanza miezi mitatu ya kikundi cha maombi cha nje kabla ya kuombewa cheti. Barua ya kuomba kibali cha 2025 imeshapelekwa kwa chapleni, ikiwa na ombi jipya la kuhamisha darasa la mahabusu hadi siku yenye kesi chache.